Kampuni Ugenini, Mwenyewe Nyumbani

Juma lililopita aliingia katika ofisi yetu kijana mmoja, mwana wa mfanyakazi wa reli aliyestaafu, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Kijana huyo huchora ramani za majengo kwa kompyuta. Hana tajiri hapa mjini, wala haitikii king'ora cha kiwandani asubuhi. Kazi zake huzipata kwa intaneti kutoka kwa watu wa Ulaya ambao hajapata kuwaona kwa macho, na ujira wake huletwa kwa njia hiyo hiyo. Katika bahasha ile mlikuwa na barua ya kampuni moja ya Ujerumani, iliyomweleza kwamba imependezwa na kazi yake na kwamba iko tayari kumpa mkataba wa mwaka mzima, lakini kwa sharti moja: wao hawalipi mtu binafsi, hulipa kampuni iliyoandikishwa, na ingekuwa vyema iwe imeandikishwa Ulaya. Mlikuwa pia na karatasi ya dalali mmoja wa mjini, aliyejitolea kumwandikishia kampuni katika nchi ya Estonia kwa ada, akamwahidi kwamba akiisha kuipata hatalipa kodi po pote duniani. Fedha alizokuwa nazo kijana huyu ni zile alizoziweka kwa miaka miwili ili aiezeke nyumba ya mama yake. Akatuuliza, "Mzee, nitie sahihi?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atuache tulichunguze jambo lenyewe kwanza, kwa sababu swali lake si la mtu mmoja. Katika miji yetu, tangu Dar es Salaam na Mwanza hata Nairobi na Mombasa, wako vijana wengi wanaoishi kwa kazi za namna hii: wafasiri, wachoraji, waandishi wa programu za kompyuta, watunza hesabu na wahariri wa picha. Hao ni wafanyakazi kamili kama alivyo mchukuzi wa bandarini, ijapokuwa jasho lao halionekani. Tofauti ni kwamba aghalabu hawana chama cha wafanyakazi, wala hawana mtu wa kuwasomea mkataba kabla hawajatia sahihi. Basi yafaa gazeti la wafanyakazi liwasomee.

Tuanze na nchi yenyewe, maana si vema kumlaumu wala kumsifu mtu usiyemjua. Estonia ni nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, kaskazini ya Ulaya. Watu wake ni yapata milioni 1.3, wachache kuliko wakazi wa mji wa Dar es Salaam peke yake. Ilikaa chini ya utawala wa Kisovieti kwa karibu nusu karne, ikajirudishia uhuru wake tarehe 20 Agosti 1991. Siku ile haikuwa na dhahabu wala mafuta ya kujivunia. Ilichokuwa nacho ni watu wenye elimu, na viongozi walioamua kwamba serikali ya watu wachache haiwezi kuweka karani katika kila kijiji. Mwaka 1996 ulitangazwa mpango ulioitwa Mruko wa Chui Milia, wa kupeleka kompyuta na intaneti katika shule zao. Mwaka 2002 wananchi wakaanza kupewa vitambulisho vya kielektroniki, ambavyo mtu huweza kuvitumia kutia sahihi yenye nguvu ya sheria bila kalamu wala wino. Mwaka 2005 wakapiga kura za serikali za mitaa kwa intaneti, nchi nzima.

Ndipo, mwezi Desemba 2014, Estonia ilipofungua mlango wake kwa wageni. Ilisema kwamba mtu wa nchi nyingine, hata kama hajapata kukanyaga udongo wa Estonia, aweza kuomba kadi ya serikali yao, na kwa kadi hiyo akaandikisha kampuni na kuiendesha akiwa kwao. Jambo hili waliliita ukaazi wa kielektroniki, na watu zaidi ya 100,000 wamekwisha kupewa kadi hiyo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kadi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitanguliwa na kazi ya miaka karibu 20, iliyoanzia katika madarasa ya watoto.

Njia ya kuipata kadi ni hii. Mwombaji hujaza fomu kwa intaneti, huambatisha nakala ya pasipoti na picha yake, hueleza anataka kufanya biashara gani, na hulipa ada ya zaidi ya euro 100. Polisi na Walinzi wa Mpaka wa Estonia humchunguza, wakamkubali au wakamkataa. Akikubaliwa, hana budi kwenda mwenyewe, kwa miguu yake, katika ubalozi au kituo kilichowekwa, atoe alama za vidole ndipo akabidhiwe kadi. Hapo ndipo mtu wetu anapokutana na gharama ambayo dalali hakuitaja, kwani vituo hivyo katika Afrika ni vichache, na nauli ya ndege si nauli ya daladala. Kadi hudumu miaka 5. Huja na namba za siri mbili: moja ya kujitambulisha na nyingine ya kutia sahihi.

Akiisha kuwa na kadi, huingia katika daftari la makampuni la Estonia na kuandikisha kampuni ya hisa yenye dhima yenye kikomo, ambayo wao huifupisha kwa herufi OÜ. Ada ya serikali kwa njia hiyo ya mtandao ni euro 265. Zamani sheria ilitaka mtaji usiopungua euro 2,500. Tangu tarehe 1 Februari 2023 sharti hilo limeondolewa, na mwenye hisa aweza kuanza hata kwa senti moja ya euro. Lakini maadamu mkurugenzi hakai Estonia, hana budi kuwa na anwani huko pamoja na mtu wa kupokea barua za serikali kwa niaba yake. Huduma hiyo huuzwa na makampuni yenye leseni, nayo hulipiwa kila mwaka, kazi iwepo isiwepo.

Sisi hatuwezi kuficha kwamba jambo hili lina uzuri wake. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya dirisha la ofisi kwa siku tatu, akiambiwa afisa mhusika ametoka, hana budi kumvulia kofia mwenzake aliyeifanya sahihi ya mtu ipite baharini kwa dakika moja. Kampuni ya Estonia ni kampuni ya Umoja wa Ulaya. Mnunuzi wa Berlin huipokea hati yake ya madai bila kuuliza maswali mengi, na mifumo mingine ya malipo ambayo haimpokei mfanyabiashara wa kwetu huipokea kampuni hiyo. Kwa fundi mwenye wanunuzi wengi wa Ulaya, na mapato yanayozidi gharama kwa mbali, mlango huu ni mlango wa kweli.

Lakini ahadi ya dalali ni jambo jingine. Alisema kijana wetu hatalipa kodi po pote. Hapa ndipo tunapotaka kila msomaji wetu asimame na kusoma polepole.

Ukaazi wa kielektroniki si uraia. Si ruhusa ya kukaa Estonia, wala si viza ya kuingia Ulaya. Na zaidi ya hayo, haumhamishi mtu kutoka katika daftari la kodi la nchi yake. Serikali ya Estonia yenyewe huyasema mambo haya waziwazi. Hayafichi ila wale wanaouza huduma kwa wasiosoma. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2000 Estonia haiitozi kampuni kodi ya mapato juu ya faida inayobaki ndani ya kampuni. Siku faida hiyo inapogawanywa kwa mwenye hisa, kodi huja: tangu mwaka 2025, kwa kila euro 78 anazopewa mwenye hisa, kampuni huipa serikali euro 22. Kadhalika, ujira anaolipwa mtu kwa ajili ya ukurugenzi wake hutozwa kodi Estonia hata kama mkurugenzi huyo ameketi Mwanza. Kwa hiyo hata huko huko neno "bila kodi" si neno la kweli. Neno la kweli ni "kodi baadaye".

Turudi sasa nyumbani. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 hulihesabu shirika kuwa mkaazi wa Tanzania endapo limeandikishwa nchini, au endapo wakati wo wote wa mwaka uongozi na usimamizi wa mambo yake umefanyika nchini. Sheria ya Kenya nayo hutazama uongozi na usimamizi ulifanyika wapi. Basi tuulize: kampuni ya kijana wetu itaongozwa wapi? Mkurugenzi ni yeye, mfanyakazi ni yeye, kompyuta iko juu ya meza yake, na meza iko Temeke. Karatasi iko Tallinn, lakini kampuni yenyewe, kwa macho ya sheria, inakula na kulala Temeke. Hapo mtoza kodi wa kwetu aweza kuidai faida yake mwaka ule ule ilipopatikana, hata kama Estonia haijadai cho chote. Na asipoangalia kama kodi ya nchi moja hupunguzwa katika hesabu ya nchi ya pili, na kwa masharti gani, mtu aliyedhani ameikimbia kodi moja hujikuta amezikuta mbili. Yule asiyeitangaza kampuni hiyo nyumbani hakuikwepa kodi kwa werevu. Ameficha mapato, na sheria ina jina lake kwa jambo hilo.

Wako watakaosema kwamba gazeti hili linaitetea kodi kwa sababu ni gazeti la chama. Sisi twajibu kwamba barabara anayopita kijana huyu, shule iliyomfundisha kuchora, na hospitali alimozaliwa mwanawe, hazikujengwa na Estonia. Mtu ana haki kamili ya kudai kodi yake itumiwe vizuri, na ana haki ya kupiga kelele isipotumiwa vizuri. Hana haki ya kula chunguni na kumwachia mwenzake mwenye mshahara wa mwezi, ambaye kodi yake hukatwa kabla hajaiona, aunde chungu kingine.

Tutazame kadhalika mambo ya kuiendesha kampuni, maana kuandikisha ni kazi ya siku moja na kuendesha ni kazi ya kila siku. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni ya Estonia hupaswa kupeleka taarifa ya hesabu ya mwaka katika muda wa miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kwisha, hata kama haikuuza cho chote. Asiyepeleka aweza kutozwa faini, na mwishowe kampuni ikafutwa katika daftari. Taarifa hiyo hufuata utaratibu wa huko, na kwa sababu hiyo watu wengi huajiri mhasibu wa huko huko. Tukijumlisha mhasibu, anwani, mtu wa kupokea barua, ada za kutuma na kubadili fedha, na nauli ya kwenda kuchukua kadi, tunaona kwamba mtu anayepata euro mia tatu au nne kwa mwezi atakuwa anawafanyia kazi watoa huduma wa Tallinn badala ya kuifanyia nyumba yake.

Liko pia suala la benki. Kati ya mwaka 2007 na mwaka 2015 yapata euro bilioni 200, fedha za watu wasiokaa Estonia, zilipita katika tawi la Danske Bank lililokuwa nchini humo, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitiliwa shaka kuwa ni za kutakatishwa. Habari hizo zilipotangazwa kwa ukamilifu mwaka 2018, dunia ilishtuka, na mwaka 2019 tawi lile liliamriwa lifungwe. Tangu hapo mgeni mwenye kadi hupokewa na benki za huko kwa maswali mengi, na mara nyingi hukataliwa. Wengi hugeukia makampuni ya malipo ya mtandao, ambayo nayo huweza kuzuia fedha za mteja siku yo yote wakidai hati zaidi. Mwenye kampuni kubwa husubiri. Fundi mwenye kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi hawezi kusubiri.

Tena tusisahau kwamba mlango wa nyumba ya mtu hufungwa na mwenye nyumba. Mwaka 2017 ilionekana kasoro katika kadi za Estonia, na mwezi Novemba serikali ikazisimamisha kadi yapata 760,000 mpaka zilipotengenezwa upya. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine, Estonia iliacha kuwapa ukaazi huo raia wa Urusi na wa Belarusi. Hatusemi kwamba walifanya vibaya. Kila nchi hujilinda. Twasema tu kwamba aliyeweka riziki yake yote chini ya paa la mwingine hana kura siku paa linapoondolewa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Basi je, tuwakataze vijana wetu? La, hasha. Mfanyakazi ana haki ya kuuza kazi yake po pote inapopata bei ya haki, na dunia haitarudi nyuma kwa sababu ya tahariri. Tunalotaka ni kwamba aingie macho wazi, na kwamba serikali zetu nazo zifumbue macho.

Kwa serikali tunasema hivi. Kuandikisha kampuni kwa mtandao si jambo geni kwetu. BRELA hufanya hivyo Tanzania, na nchini Kenya kazi hiyo hufanyika kwa njia ya eCitizen. Kwa hiyo kijana wetu hakimbii kwa sababu ya karatasi peke yake. Anakimbia kwa sababu ya fedha: jinsi ya kuzipokea kutoka ng'ambo kwa upesi, kwa ada ndogo, na bila kutiliwa shaka kwa ajili ya jina la nchi yake. Hilo ni jambo la benki kuu, benki za biashara na mabalozi wetu kukaa pamoja na wenye mifumo ya malipo na kulidai, kama vile wanavyodai bei ya kahawa na korosho. Kadhalika, mtoza kodi na aandike kwa Kiswahili chepesi, katika karatasi moja, mambo anayopaswa kufanya mtu anayejiajiri na kulipwa kutoka nje. Watu wengi hawakosi kulipa kwa uovu. Hukosa kwa kutojua waanzie mlango gani, na mlango usio na kibao ndio unaomlisha dalali.

Kwa vijana wenyewe tunasema: kaeni pamoja. Mmoja akimwendea mhasibu hulipa bei ya mmoja. Kumi wakimwendea pamoja hulipa nafuu, na mkataba unaosomwa na macho ishirini hauna pa kufichia mtego. Tena wekeni akiba ya uzee. Mnunuzi wa Berlin hatawapa pensheni. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii una mpango wa watu waliojiajiri, nao huhitaji tu kwamba mtu aende akajiandikishe mwenyewe, kwani hakuna tajiri wa kumwandikisha.

Kijana wa bahasha ya kaki alirudi siku ya Ijumaa. Tulimfungulia barua ile ya Ujerumani tukamwonyesha mstari alioupita kwa haraka. Kampuni ile ilisema ni lazima alipwe kama kampuni; juu ya Ulaya ilisema tu kwamba "ingekuwa vyema". Neno "ingekuwa vyema" si neno "lazima". Tukamshauri awaandikie kwanza, awaulize kama wataikubali kampuni iliyoandikishwa hapa nchini na kulipwa katika benki ya hapa. Swali hilo halina ada. Wakikataa kabisa, na apige hesabu ya mkataba wa mwaka mzima dhidi ya gharama zote tulizozitaja, aende kwa mtoza kodi aulize kabla ya kufungua badala ya baada ya kukamatwa, ndipo aombe kadi mwenyewe kwa mkono wake, bila dalali, maana fomu ile haihitaji dalali.

Tunapoandika haya jibu la Ujerumani halijafika. Lakini karatasi ya dalali imechanwa, na fedha za bati za mama yake bado zipo. Kwa wengine walio na bahasha kama ile nyumbani, shauri letu ni lile lile: someni kwanza, ulizeni, pigeni hesabu, kisha ndipo mtie sahihi.